Sifuri ya Namatola

Mtu hawezi kuwa na sumu pungufu ya kutokuwa na sumu kabisa. Hilo Dokta Edita Chilumba alilijua kama anavyolijua jina la mama yake, ndiyo maana mita ilipomwonyesha hasi thelathini na moja, alicheka.

“Umenisahau, eeh?” aliiambia mita. “Miezi minne tu, umeshanisahau.”

Akabandua jani mkononi, akapangusa ngozi kwa pamba yenye spiriti, akabandika jani jipya kutoka kwenye pakiti. Akahesabu pumzi ishirini kama inavyotakiwa. Hasi thelathini na moja. Akabandika la tatu. Hasi thelathini.

Meza ya pili alikuwepo fundi Kasembe, mzee aliyefanya kazi katika maabara hii, Nyumba ya Kinywe, tangu jengo halijaezekwa. Alikuwa akiosha chupa taratibu, mdomo umejaa mluzi.

“Kasembe, lete mkono.”

“Mkono wangu una sabuni.”

“Ufute, ulete.”

Akaufuta kwenye koti, akauleta. Edita akaunganisha waya wa mita kwenye jani la mzee, akasoma. “Nne. Wewe una nne.”

“Nne ni nzuri?”

“Nne ni mtu mzima mwenye afya wa Namatola.”

“Na wewe hasi thelathini.” Kasembe akamtazama juu mpaka chini. “Basi, dokta, wewe ni msafi kuliko usafi. Huko Bukoba walikuwa wanakuogesha kwa kitu gani?”

“Kwa ndizi,” Edita akasema kwa mzaha. “Ndizi na samaki, asubuhi na jioni.”

Mzaha ukamkatikia mdomoni. Miezi minne alikuwa Bukoba akifundisha vijana wa huko kutengeneza majani, na miezi hiyo minne hakutia muhogo kinywani hata mara moja. Kasembe yeye hakuwahi kuukosa tangu azaliwe.

Namatola yote ilikula muhogo, na Namatola yote iliishi kwa kinywe. Kinywe ni lile jiwe jeusi laini linaloacha weusi vidoleni, ndilo hilo hilo linalotiwa ndani ya penseli. Ukilibandua tabaka kwa tabaka, kwa subira, mwisho unafika kwenye utando usiokuwa na kitu tena cha kubanduliwa, unene wake ni chembe moja tu. Wasomi wanauita grafini. Utando huo unapitisha umeme kwa wepesi wa ajabu, na kitu chochote kikiugusa, hata kiwe kidogo namna gani, umeme wake unashtuka. Edita alikuwa ameufundisha kushtuka kwa vitu saba. Akaukata vipande vya upana wa kidole gumba, na watu wakaviita majani. Jani lilibandikwa upande wa ndani wa mkono, likanywa jasho, na ukingo wake ukawaka: kijani, uko salama; njano, jiangalie; nyekundu, zahanati ilikuwa imeshapata habari kabla yako. Watu elfu sitini walilivaa. Mengine makubwa zaidi yalibandikwa ndani ya mabirika ya ushirika, wanawake walikoloweka mihogo.

Kimoja kati ya vile vitu saba kilikuwa sumu ya muhogo mchungu, sianidi. Ukiuloweka muhogo vizuri, sumu inatoka na maji. Ukifanya haraka unaila. Mwili unapigana nayo, unaivunja makali, na masalio yake yanatoka kwenye jasho. Jani linahesabu masalio hayo. Yakijaa mwilini siku nyingi, hasa kwa mtoto asiyepata kunde wala samaki, asubuhi moja anaamka miguu imekakamaa kama miti. Wala hailegei tena.

Jani la mtu wa kawaida halikuweza kuonyesha hasi. Edita mwenyewe alilifundisha hivyo: chochote chini ya sifuri kionekane sifuri, watu wasije wakatatizika. Kwa hiyo mgeni aliyekuja Namatola akivaa jani aliona kijani tu, akafurahi. Namba yenyewe, hata ikiwa hasi, ilionekana kwenye mita za maabara tu: hii, na ile aliyoiacha Bukoba.

Akapiga simu Bukoba. Wanafunzi wake watatu wakajisoma, nao kila mmoja alikuwa hajala chochote tangu jana yake. Hasi ishirini na tisa. Hasi thelathini na tatu. Hasi thelathini.

“Kasembe,” akasema, akiweka simu mezani. “Sisi si wasafi. Ni sifuri yetu ndiyo chafu.”

*

Sifuri ya jani haikutoka kwenye maji. Jasho si maji. Lina chumvi, mafuta na mambo ya kila mtu. Ili jani lijue sumu ni nini, kwanza lilipaswa kuonyeshwa jasho la watu wasio na sumu, liambiwe: hapa ndipo mwanzo, anzia kuhesabu hapa.

Edita akashusha kabatini daftari la mwaka ule jani lilipofundishwa sifuri. Hakuhitaji kulifungua. Siku yenyewe ilikuwa imeshamjia.

Miaka sita nyuma, ukame. Mwezi wa tatu mvua haijashuka na mihogo shambani imekunjamana, na muhogo wa ukame ni mchungu kupita mwingine wote. Watu arobaini wazima wa afya walikuwa wamekubali kutoa jasho, na sharti lilikuwa moja: wasile tangu magharibi. Walikusanyika uani kwa mwanamke mmoja aitwaye Somoe, ambaye watu walimwita Mama Asumini kwa jina la binti yake. Edita alifika saa mbili asubuhi na masanduku yake, akawakuta wote wamekaa mkekani, mikono imeshanawa, na masufuria ya ugali yanafuka moshi.

“Mama Asumini, si niliomba wafunge?”

“Uliomba,” alijibu Somoe, akichota. “Na mimi nimekusikia. Lakini watu hawatolewi kitu miilini mwao, kwangu, wakiwa na njaa. Kwenu labda. Kaa, nawa.”

Angesema nini? Kukataa chakula mwaka wa njaa ni kumwambia mwenyeji chakula chake si chakula. Edita alinawa, akala nao. Ugali ulikuwa na uchungu kwa mbali. Makopa, vile vipande vya muhogo mkavu, yalilowekwa usiku mmoja tu, kwa sababu hapakuwa na kingine. Baadaye watu waliruka na kukimbia uani mpaka jasho likatoka, wakicheka, naye akalikusanya. Kisha akafika kwenye safu ya daftari iliyoandikwa Amefunga. Akaona haya kuandika kwamba ameshindwa kukataa tonge. Mlo mmoja, akajiambia, ni nini. Akatia alama ya ndiyo, mara arobaini.

Alilifungua daftari sasa. Zilikuwepo zote arobaini, zimenyooka kama mistari ya mtoto mwenye adabu.

*

Hashimu Mchopa, mkurugenzi wa mpango wa majani wilayani, alikuwa Mmakua, na Edita Mmwera, kwa hiyo walikuwa watani na hawakuamkiana kama watu wengine.

“Wamwera mkisafiri mnarudi na maneno,” alisema Hashimu bila kuinua kichwa. “Samaki wangu wako wapi?”

“Nimekuletea senene.”

“Panzi! Mkurugenzi mzima unaniletea panzi!”

“Tangu lini mla panya akachagua panzi?”

Hashimu akacheka kwa sauti, kisha akauona uso wake, akaacha. Edita akamweleza yote, hakuruka kitu, hata haya yake mwenyewe. Hashimu alisikiliza amefumba macho. Mwisho akauliza:

“Kwa hiyo kijani chetu chote ni njano.”

“Kingine ni nyekundu.”

“Na mabirika?”

“Majani ya mabirika tuliyafundisha sifuri hiyo hiyo. Bibi zetu walikuwa wanaloweka siku nne, tano. Sisi tukaweka jani, jani likasema tayari siku ya pili, wakatoa siku ya pili. Tumewaharakisha, Hashimu. Tumewapa ruhusa ya kula sumu.”

Hashimu akasimama, akaenda dirishani. Nje, juu ya paa la Nyumba ya Kinywe, ulisimama mlingoti unaoongea na majani yote. Sifuri ilibadilishwa kutoka hapo, na ilihitaji vidole viwili kwa pamoja: cha Edita na cha Hashimu.

“Rahisi,” akasema. “Twende sasa hivi. Tutie sifuri mpya ya hao wa Bukoba. Tutangaze tumeboresha jani, limekuwa kali zaidi. Watu watawaka njano, zahanati zitawafuata, mabirika yataongezewa siku. Nani ameumia?”

“Mama Asumini.”

Hashimu akageuka. Jina hilo alilijua. Kila mtu alilijua.

Miaka miwili nyuma, watoto watatu walikakamaa miguu katika wiki moja, na wote walikula unga wa birika moja, siku ya zamu ya Mama Asumini. Mmoja wao alikuwa binti yake, Asumini. Kamati ya ushirika ikaja, ikatazama. Jani la birika: kijani. Majani ya watoto: kijani. Basi kama birika ni safi na miili ni safi, sumu imetoka wapi? Wakasema alichanganya mihogo yake mibichi ili mzigo uongezeke. Wengine wakasema mkono wake una laana. Ushirika ukamfukuza, na kadi yake ikachanwa mbele ya watu.

“Jina la mtu mmoja,” Hashimu akasema polepole. “Silichukulii kama jambo dogo. Lakini weka upande wa pili. Unaikumbuka Mkwera? Mtu mmoja tu alisema jani linanyonya nguvu za kiume. Mmoja! Kata nzima ikayabandua. Kipindupindu kilipoingia hapakuwa na jani la kutuambia, tukazika watu kumi na wanane. Kesho nina wajumbe wa wilaya sita ukumbini, wanakuja kulipokea jani. Unataka usimame mbele yao useme lilidanganya miaka sita?”

“Ndiyo.”

“Wataling'oa. Huko na hapa. Na maradhi mengine sita linayoyaona vizuri, nayo tuyaache? Miguu ya yule mtoto hairudi kwa hotuba, Edita.”

“Hairudi. Lakini mama yake anaambiwa kila siku kwamba aliilemaza yeye.” Edita akalifunga daftari. Sauti yake haikupanda. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti akijua anachokisema. “Tukisema tumeboresha, tumetia alama ya ndiyo nyingine. Ya arobaini na moja. Leo agiza mabirika yote yasifunguliwe, sababu nitaitoa mwenyewe. Sifuri tubadilishe kesho, saa nne, ukumbini, watu wakitazama mikono yao.”

“Nikikataa kidole changu?”

“Nitasema bila kidole chako. Halafu wao ndio watakuomba.”

Hashimu akarudi kwenye kiti chake. “Wamwera,” akasema mwishowe, “mnazika mtu akiwa bado anakula.” Lakini alinyanyua simu, akaagiza mabirika yafungwe.

*

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko Hashimu. Ukweli huu ulikuwa na ugali ndani yake, na ugali ulikuwa na mpishi. Angeusema ukumbini, watu wangemsafisha Mama Asumini kwa mkono mmoja na kumpaka tope kwa mwingine: kumbe ndiye aliyeharibu na jani! Edita hakutaka kumwamulia mwenzake jambo bila yeye kujua. Mchana ule ule akaenda.

Asumini alikuwa barazani, amekalia kiti cha chini, magongo yake yameegemezwa ukutani, anachambua kunde. Alikuwa na miaka kumi na miwili na macho ya kumkagua mtu.

“Shikamoo, dokta.”

“Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?”

“Naendelea kukaa.”

“Asumini!” Mama yake akatokea mlangoni, mikono myeupe kwa unga. Alipomwona mgeni ni nani, hakusema karibu. “Dokta. Umekuja kupima nini tena? Miguu ni ile ile miwili.”

“Nimekuja kusema, si kupima.”

“Sema basi.”

Edita akasema amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti. Alieleza hasi thelathini na moja, akaeleza Bukoba, akaeleza zile alama arobaini. Asumini aliacha kunde. Mama yake aliendelea kujipangusa unga vidoleni, kidole kimoja kimoja, mpaka ukaisha, akaendelea kupangusa.

“Kwa hiyo ni ule ugali wangu,” akasema.

“Si ugali wako. Ni kalamu yangu.”

“Ugali ulikuwa wangu, usininyang'anye.” Sasa sauti ilikuwa na ukali. “Nililoweka usiku mmoja nikijua. Nilikuwa na watu arobaini uani na njaa. Ningewapa nini, mawe ya kinywe? Nilikupa nilichokuwa nacho. Wewe ndiye uliyekuwa na kitabu.”

“Ndiyo. Mimi ndiye niliyekuwa na kitabu.”

“Na huyu?” Akamwonyesha binti yake kwa kidevu.

“Jani la birika lilisema tayari. Mihogo haikuwa tayari. Jani lake lilisema kijani. Hakuwa kijani. Hukuchanganya kitu, Mama Asumini. Ulitoa mihogo siku ya pili kama wote walivyoambiwa.”

Mwanamke akakaa kizingitini.

“Nilimwambia,” akasema. “Siku ile nilimwambia Bi Sharifa, mwenyekiti, hii mihogo bado, ukiivunja haivunjiki, inanuka uchungu, tuiache. Akanivuta mpaka kwenye birika, akanionyesha jani. Akaniuliza, wewe na jani nani amesoma? Wanawake wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikaitoa.”



“Miguu itarudi?” Asumini ndiye aliyeuliza.

“Hapana, mwanangu. Mazoezi yataipunguzia ugumu kidogo. Kurudi, hairudi.”

Mtoto akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa anaijua, akarudi kwenye kunde zake.

“Kesho nitalisema hili mbele ya wilaya sita,” Edita akamwambia mama. “Nimekuja kwanza kwako kwa sababu moja. Jambo la kupika naweza kuliacha. Nitasema watu walikula, basi. Si lazima waulize nani alipika.”

“Wataacha kuuliza, hawa? Hawa ninaowajua?” Mama Asumini akatoa mcheko mkavu. “Ukiuficha ugali, kesho kutwa watauchimbua wenyewe, na utakuwa ugali wa kufichwa. Mimi sina jambo la kuficha. Sema nilipika. Sema na wewe ulikula, ukaongeza.”

“Niliongeza?”

“Mara mbili. Na mchuzi ukadai.”

Asumini akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka. Mama yake alimtazama kwa mshangao, akasogea kidogo kizingitini, pakapatikana nafasi ya mtu wa pili.

“Kaa,” akasema. “Umesimama kama karani wa kodi.”

*

Saa nne ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa wajumbe wa wilaya sita kwa mashati yaliyopigwa pasi. Nyuma yao ushirika wa wanawake, na Bi Sharifa katikati yao kwa kitenge chake cha uenyekiti. Mama Asumini aliingia wa mwisho, binti yake akitangulia kwa magongo. Safu ya nyuma ilikuwa na nafasi. Walipokaa, ikawa na nafasi zaidi. Hakuna aliyewaamkia.

Edita alipanda jukwaani bila karatasi.

“Ndugu zangu, mmekuja kusikia jani likisifiwa, nami nimekuja kulishtaki. Zaidi yake, nimekuja kujishtaki mimi.”

Akasema. Alitumia maneno ambayo angetumia kumweleza shangazi yake. Ukiweka jiwe juu ya sahani ya mizani, ukaiambia mizani hapo ni sifuri, kisha ukaliondoa jiwe ukapima unga, basi kila unga utaonekana pungufu, na mizani itaapa haijakosea. Jiwe hilo lilikuwa mlo mmoja. Alisema nani alipika, na kwa nini, na mwaka wenyewe ulikuwaje. Alisema yeye alikula, na akaongeza mara mbili. Hapo watu wachache walicheka, na kicheko kikafa walipomwona hacheki nao.

“Mpishi hakukosea. Alinilisha. Kitabu kilikuwa changu, na nikaandika wamefunga. Miaka minne baadaye jani lilisema kijani juu ya mikono ya watoto watatu ambao hawakuwa kijani, na birika likasema tayari. Kamati ikaliamini jani kuliko mtu. Mama Asumini hakuchanganya mihogo. Alisema bado. Kati yetu wote siku ile, na mimi nikiwemo, yeye peke yake ndiye aliyesema kweli.”

Mnong'ono ukaanza nyuma, ukaja mbele kama moto wa majani makavu. Mjumbe mmoja, mnene, akasimama. “Sasa dokta, unatuambia tulipeleke nyumbani kitu kilichodanganya miaka sita?”

“Nawaambia msilichukue kwa neno langu. Leteni watu wenu, wafungisheni wenyewe, lindeni sufuria zenu, pimeni sifuri kwa mikono yenu. Utando wa kinywe haujawahi kudanganya. Unasema ulichofundishwa, na mwalimu alikuwa na haya. Haya hiyo imekwisha.”

Akageukia mashine ndogo iliyounganishwa na mlingoti, akaweka kidole chake. Taa moja ikawaka. Ya pili ilikuwa ya Hashimu.

Hashimu alikuwa ameketi safu ya kwanza, mikono magotini. Ukumbi mzima ulimtazama. Edita hakumwita. Alisubiri, kidole kikiwa palepale, na angeweza kusubiri mpaka jioni.

Hashimu akainuka. Alipofika jukwaani akainama sikioni kwake. “Ukinizika, mtani, unizike vizuri,” akanong'ona, akaweka kidole.

Pumzi ishirini. Watu mia nne walivuta pumzi na kuzitoa, kila mmoja akitazama mkono wake mwenyewe. Ilianzia karibu na mlango, ikaenea. Njano. Njano. Njano. Mwanamke mmoja akasema “Yesu wangu,” mwingine akasema “Lahaula.” Jani la Hashimu likawa njano iliyoiva. Kwenye safu za ushirika, ambako unga ulionjwa kila siku, nyekundu zikaanza, moja, tatu, kisha hazikuhesabika. Bi Sharifa aliufunika mkono wake kwa kitenge, na wekundu ukapenya kitenge.

Kijana mmoja karibu na dirisha akaanza kulibandua lake.

“Livue ukitaka,” Edita alimwambia kutoka jukwaani, kwa utulivu. “Mkono ni wako. Ila leo ndiyo siku ya kwanza linakuambia kweli.”

Kijana akabaki ameshika ncha ya jani. Hakulivuta. Baada ya kitambo akalibonyeza lirudi mahali pake.

“Dokta.” Bi Sharifa alikuwa amesimama. Sauti yake, iliyozoea kufunga mikutano, ilikuwa imekwaruza. “Maghala yamejaa unga wa siku mbili. Watu leo watakula nini? Wewe umetuambia tumekosea, tufanyeje?”

Edita akafungua mdomo. Alijua kupima sumu mpaka chembe ya mwisho, na hakuwahi kuloweka birika la mihogo maishani mwake. “Hilo,” akasema, “sijui vizuri kama...”

Hakumaliza. Watu wa safu ya nyuma walikuwa wamegeuka. Wakasimama wa mbele yao, wakageuka nao, mpaka ukumbi wote ukawa umeupa jukwaa mgongo. Pale nyuma, katika rangi ile yote ya embe na pilipili, Mama Asumini alikuwa amekaa wima, mkono juu ya paja, na jani lake lilikuwa kijani. La binti yake pia. Miaka miwili walikula unga wao peke yao, wa mihogo iliyolowekwa na mikono yao peke yao, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kula nao.

Bi Sharifa alitoka kwenye safu yake. Njia ilikuwa ndefu, na alipita katikati ya watu bila kutazama pembeni. Akafika, akasimama mbele ya mwanamke ambaye kadi yake aliichana yeye mwenyewe.

“Siku ngapi?” akauliza. “Unaloweka siku ngapi?”

Mama Asumini akamtazama. Hakuwa na haraka. Mtu mwenye jibu ambalo ukumbi mzima unalitaka anaweza kukaa nalo kidogo.

“Kwanza niamkieni,” akasema.

Magongo ya Asumini yakateleza ukutani. Bi Sharifa alikuwa amemzidi Mama Asumini miaka kumi na mitano. Katika desturi za Namatola alikuwa mtu wa kuamkiwa, siyo wa kuamkia. Aliitazama miguu ya mtoto. Kisha akapiga goti moja, taratibu, kitenge kikigusa sakafu.

“Hujambo, Mama Asumini? Hujambo, Asumini? Habari za... habari za siku nyingi.”

Nyuma yake wanawake wa ushirika wakaanza kuamkia, mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja. Mama Asumini aliwaacha wamalize. Alimjibu kila aliyemwona usoni, kwa jina lake.

“Siku tano,” akasema mwishoni, akajisogeza kwenye benchi. “Kaeni, niwaeleze. Na ya tatu unamwaga maji yote, hata ukiyaonea huruma.”